Mikono Mitatu Ile Ile: Maswali ya Walimu na Wazazi wa Madarasa ya Juu

Mengi ya maswali haya yalikuja marefu, mengine yakiwa na hasira ndani yake. Nimeyapunguza nikabakiza kiini. Yote yanahusu darasa la nne kwenda juu, umri ambao mtoto ameshajua kuficha kwamba hajaelewa.

Nikiuliza swali darasani, mikono inayonyooshwa ni mitatu ile ile kila siku. Wengine wananitazama tu. Nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu, kabla hujawalaumu, jipime. Kesho ukishauliza swali, hesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Nina wasiwasi hutafika tatu kabla hujamtaja mtu au hujajijibu mwenyewe. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi vya shule za msingi, na katika tafiti alizochapisha miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu walisubiri kwa wastani sekunde 1 hivi. Walipojizuia wakafika sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, ukimya na "sijui" vikapungua, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema.

Sekunde 3 mbele ya darasa zinachoma. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nauliza, najijibu, kisha naandika kwenye andalio la somo kwamba wanafunzi walishiriki vizuri. Walioshiriki walikuwa watatu, nami wa nne.

Kuna kusubiri kwa pili, na huku ndiko tunakokusahau zaidi. Mtoto akishajibu, usikimbilie "vizuri sana". Nyamaza tena kidogo. Mara nyingi ataongeza mwenyewe, "kwa sababu..." Hapo ndipo utakapojua kama alielewa au alibahatisha.

Halafu ondoa mikono kwa baadhi ya maswali. Kila mtu aandike jibu lake kwenye daftari la rafu, kisha amwambie jirani yake, kisha wewe uvute kijiti chenye jina kutoka kwenye kopo. Mtindo huo wa kufikiri peke yako, kujadiliana wawili, kisha kuliambia darasa, ulielezwa na Frank Lyman mwaka 1981, na hauhitaji kifaa chochote. Anayeitwa hasimami mikono mitupu: ana alichoandika, na ana alichosikia kwa mwenzake. Wale watatu wako usiwazime. Wape kazi ngumu zaidi, ya kuuliza "umejuaje?" mwenzao akishajibu.

Binti yangu wa darasa la nne anaimba jedwali la kuzidisha bila kukosea, lakini ukimuuliza 7 mara 8 anaanza upya "saba mara moja saba". Ni uvivu?

Si uvivu, mama. Amejifunza wimbo, na wimbo huanzia mwanzo.

Kaa naye muufanye mzigo uonekane mdogo, maana kweli ni mdogo. Jedwali la 1 hadi 10 lina vyumba 100. Lakini 3 mara 7 ni sawa na 7 mara 3, kwa hiyo ya kujua ni 55 tu. Toa yote yenye 1, 2, 5 na 10, ambayo bila shaka anayajua: yamebaki 21. Toa ya 9, kwa sababu 9 mara 7 ni 70 ukitoa 7, yaani 63, na hesabu hiyo inafaa kwa yote ya 9. Sasa yamebaki 15. Kati ya hayo, matano ni namba kujizidisha yenyewe, kama 6 mara 6, na hayo watoto huyashika mapema.

Andika hayo 15 kwenye vikaratasi, jibu nyuma. Changanya. Vichache kila siku, dakika tano, si zaidi. Aliyopata yaende rundo moja, aliyokosa yarudi kesho. Hiyo 7 mara 8 inayomsumbua, mwonyeshe namba zilivyojipanga: 5, 6, 7, 8. Yaani 56 ni 7 mara 8.

Darasa langu la tano linasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4, na 0.25 ni kubwa kuliko 0.3. Nimerudia somo mara tatu. Nimechoka.

Nalipenda swali hili, kwa hiyo vumilia nikijibu kwa urefu.

Kurudia mara ya nne hakutasaidia, kwa sababu watoto hao hawajasahau kanuni. Wana kanuni yao wenyewe, na imewafaa tangu darasa la kwanza: 8 ni kubwa kuliko 4, na 25 ni kubwa kuliko 3. Namba mpya zimeingia, kanuni ya zamani imebaki kazini.

Anza na karatasi. Kila mtoto akate ukanda wa sentimita 24. Akunje katikati, akunje tena: ana vipande vinne, na akipima kwa rula kila kimoja ni sentimita 6. Sasa akunje mara ya tatu. Usiseme lolote. Vipande ni vinane, na kila kimoja ni sentimita 3. Waulize: umekunja mara nyingi zaidi, mbona kipande kimepungua? Waache wabishane. Katika mabishano hayo utasikia mtoto akisema kwa maneno yake kwamba wagawanaji wakiongezeka, fungu la kila mmoja linapungua. Sentensi hiyo ikitoka kwake haitasahaulika kirahisi kama ile uliyoiandika wewe ubaoni.

Lugha nayo tuitumie. Tukisoma 1/8 kama "moja juu ya nane" mtoto anasikia namba mbili zilizopandana. Lakini Kiswahili kina robo, kina thuluthi, kina thumuni, na kila neno ni kiasi kimoja. Hakuna mtoto wa darasa la tano anayedhani robo saa ni ndefu kuliko nusu saa. Anzia hapo. Robo saa ni dakika 15, thumuni ya saa ni dakika 7 na nusu. Habari ya asili na kiasi, yaani namba ya chini na ya juu, ije baadaye, wakishaliona jambo lenyewe.

Kwenye desimali kuna mtego ambao mimi mwenyewe uliniponyoka miaka mingi. Wako watoto wanaodhani desimali ndefu ndiyo kubwa. Wako wengine, wachache, wanaodhani kinyume: kwamba fupi ndiyo kubwa, kwa kuwa walisikia sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi. Ukiuliza ipi kubwa, 0.45 au 0.3, kundi la kwanza linapata vema kwa sababu mbovu. Ukiuliza 0.25 au 0.3, kundi la pili ndilo linalopata vema, nalo kwa sababu mbovu. Zoezi lenye maswali ya aina moja tu linawapitisha, na wewe unaweka alama za vema ukijua kazi imekwisha. Weka maswali ya aina zote mbili, kisha usitazame jumla. Tazama ni yapi aliyokosa, utajua yuko kundi gani.

Tena, acha kusoma 0.25 kama "nukta ishirini na tano". Sisi wenyewe ndio tunaowaambia ni ishirini na tano! Soma "nukta mbili tano", na uweke zote kwenye mstari wa namba uliogawanywa kutoka 0 hadi 1. Au iandike 0.3 kama 0.30, lakini waeleze kwanza kwa nini ile sifuri haibadilishi kitu, la sivyo utakuwa umewapa ujanja mwingine wa kukariri.

Semina moja ilitufundisha kuwagawa watoto: wa kuona, wa kusikia, wa kutenda. Je, niwapange madawati hivyo?

Hapana. Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa "aina" yake. Ramani inafundishwa kwa kuonwa, shairi kwa kusikiwa, na hilo ni kwa darasa zima. Somo ndilo linalochagua njia.

Kazi za vikundi kwangu ni vurugu. Mmoja anaandika, mmoja anachora pembeni, wanne wanapiga soga. Niziache?

Ukiwapa watoto sita swali moja na karatasi moja, hesabu yenyewe inataka mwandishi mmoja na watazamaji watano. Tatizo liko kwenye kazi uliyoipanga.

Jaribu mtindo alioutunga Elliot Aronson na wanafunzi wake huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa rangi mbalimbali na chuki imejaa madarasani. Alitaka watoto wahitajiane. Chukua mada ya mzunguko wa damu. Kikundi cha wanne: mmoja anapewa aya ya moyo, mmoja mishipa, mmoja damu yenyewe, mmoja mapafu. Hakuna mwenye aya ya mwenzake. Wote wa moyo kutoka vikundi vyote wanakutana kwanza, wanasoma, wanaulizana, wanahakikisha wameelewa. Kisha kila mmoja anarudi kikundini kwake kufundisha. Mwisho unatoa maswali mafupi ya mada nzima, na kila mtu anajibu peke yake, kwa alama zake. Sharti hilo la mwisho usiliache. Likiondoka, soga inarudi.

Mara ya kwanza itakuwa kelele tupu. Sikiliza kelele inasema nini kabla hujaizima.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko darasa la saba. Nasoma daftari mara nne kabla ya mtihani, lakini nikishika karatasi ya maswali yote yananitoka.

Marahaba mwanangu. Unajitahidi, ila unajitahidi upande usio na faida. Ukisoma mara ya nne maneno unayatambua, na kutambua kunakudanganya kwamba unajua.

Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Wengine walikisoma mara mbili, wengine walikisoma mara moja kisha wakakifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao asilimia 42, wenzao 56. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo soma ukurasa mara moja, funga daftari, andika kila unachokumbuka. Fungua, weka alama nyekundu ulipokosa. Kesho kutwa rudia bila kufungua. Utajiona mjinga mwanzoni. Usiogope, kukumbuka kwa taabu ndiko kunakokaa. Na usiku wa mtihani, lala.

Mwanangu yuko darasa la sita na bado anasoma kwa kuvuta. Akimaliza aya hajui ameisoma nini. Mwalimu anamsimamisha asome mbele ya wenzake ili azoee.

Mzazi, mwombe mwalimu, kwa upole, aliache hilo kwa muda. Mtoto anayesoma kwa kuvuta akisimamishwa hafanyi mazoezi ya kusoma. Anahesabu vicheko.

Kwanza hakikisha anaona na kusikia vizuri. Baada ya hapo, fahamu kwamba herufi na sauti za Kiswahili zinakubaliana, kwa hiyo mara nyingi asiyeenda mbele hajakwama kwenye herufi. Amekwama kwenye urefu wa neno. Tazama "hawajatueleza". Anayelisoma silabi kwa silabi akifika mwisho amesahau mwanzo. Mwonyeshe mafundo yake: ha-wa-ja-tu-eleza. Kuna kukanusha, kuna wao, kuna jambo ambalo bado, kuna sisi, na kuna kitenzi. Siku chache za kuyakata maneno marefu hivyo kwa penseli, na jicho linaanza kuyaona mafundo lenyewe.

Kisha chukueni kifungu kifupi, maneno kama mia moja. Wewe soma kwanza, yeye asikilize. Asome yeye. Arudie kifungu kile kile kesho na keshokutwa, mpaka kiteleze. Usimkatize kila neno, la sivyo atasoma akiwa anautazama uso wako badala ya kitabu. Akimaliza muulize kimetokea nini, si "neno hili maana yake nini".

Hatuna maabara. Sayansi ya darasa la nne nitaifanyaje zaidi ya kuwaandikisha noti?

Chukua glasi au chupa ya kioo, zungushia ndani karatasi laini iliyoloana, na upenyeze mbegu za maharage kati ya karatasi na kioo, nyingine zikiangalia juu, nyingine chini, nyingine ubavu. Kabla ya lolote, kila mtoto aandike: mzizi utatokea upande gani wa mbegu, na utaelekea wapi?

Weka glasi nyingine kabatini, gizani, yenye maji sawa na mbegu sawa. Wengi wataandika kwamba za gizani hazitaota. Zitaota, halafu zitarefuka kupita kiasi, dhaifu na za manjano. Hapo una somo la wiki mbili: mbegu ilipata wapi chakula kabla ya kuona jua? Sisitiza tu kwamba kinachobadilishwa ni kimoja. Yupo atakayeipeleka glasi gizani na kuinyima maji papo hapo, kisha aseme giza limeua. Usimsahihishe. Waulize wenzake kama wanakubali.

Mizizi ikishafika urefu wa kidole kidogo, yote ikielekea chini haidhuru mbegu ililalaje, ilaze ile glasi ubavu, uiache usiku kucha. Asubuhi waingie darasani kabla yako.