Kabla Hujasaini Mkataba wa Ghuba, Ulizia Ule Uliosainiwa na Serikali

Mshahara utakaolipwa Saudi Arabia uliamuliwa kabla wewe hujachukua pasipoti. Watu walikaa mezani, wizara kwa wizara, wakajadiliana kima cha mshahara, nani alipe tiketi, nani akae na pasipoti, na mfanyakazi akipata shida ampigie nani. Ndiyo maana wadogo zangu wa Likoni, Kisauni na Kilifi wanaponijia kuniuliza nyumba nzuri ya kufanyia kazi Ghuba hujulikana vipi, mimi huanza na jambo jingine: je, unajua Kenya na nchi hiyo zimekubaliana nini?

Wengi huniangalia kana kwamba nimewaingiza kwenye siasa. Basi niwaeleze nilivyolijua jambo hili.

Nilifanya kazi za nyumbani Dammam. Katika nyumba ile tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja kutoka Ufilipino. Tuliamka saa ile ile, tukapika jiko moja, tukalea watoto wale wale. Mwisho wa mwezi yeye alihesabiwa riyali 1,500, mimi 900. Hakunishinda kwa kazi wala kwa lugha. Mtu wa Mombasa Kiarabu hukizoea upesi. Nilipomuuliza alinijibu bila kuficha kwamba ndivyo serikali yao ilivyokubaliana. Na ni kweli. Mei 2013 Ufilipino na Saudi Arabia zilitia sahihi makubaliano ya wafanyakazi wa nyumbani, na kima kikawekwa dola 400 kwa mwezi. Dola moja ni riyali 3.75. Piga hesabu mwenyewe, utaiona ile 1,500.

Bosi wetu hakuwa mtu mbaya. Alimlipa kila mmoja wetu kiasi ambacho nchi yake ilikuwa imemwombea.

Tangu siku hiyo nikawa nafuatilia habari za makubaliano haya kama wengine wanavyofuatilia mpira. Mwanzoni mwa 2018, baada ya mfanyakazi wa Kifilipino kupatikana ameuawa nchini Kuwait, Ufilipino ilizuia raia wake kwenda huko kufanya kazi. Mei mwaka huo huo nchi hizo mbili zikatia sahihi makubaliano: mfanyakazi asinyang'anywe simu, na mwajiri asishike pasipoti yake. Marufuku ile ilikuja pamoja na madai yaliyoandikwa, na meza ya mazungumzo ilikuwa tayari.

Sisi mwaka 2014 serikali yetu ilifuta leseni za maajenti zaidi ya 900 na kuzuia safari za kazi za nyumbani Ghuba. Shida zilizosababisha hatua ile zilikuwa za kweli, sibishi. Lakini njaa nyumbani haikuzuiwa. Wasichana walipitia nchi jirani, wakafika kule kule wakiwa hawajulikani na ofisi yoyote ya Kenya. Ilipofika 2017 njia ikafunguliwa tena, safari hii kukiwa na makubaliano na nchi za Ghuba. Hata hivyo, mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa kama miaka miwili. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba karatasi ya serikali ni hirizi. Hufanya kazi pale mwenyewe unapoijua na kuishikilia.

Kuishikilia ndiko huku. Anza na ajenti. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ina orodha ya maajenti wenye leseni, na orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti yao. Jina la ofisi uliyoambiwa lisipokuwemo, ondoka, hata kama aliyekupeleka ni shangazi yako. Kisha kuna jambo ambalo maajenti wengi hulipita haraka sana: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi wa serikali. Huyo afisa anapaswa kuhakikisha kwamba umekubali kwa hiari yako, hukudanganywa, afya yako imepimwa na hufungwi na mkataba mwingine. Ajenti akikwambia hilo "litashughulikiwa", mwambie utasubiri. Usipande ndege kwa ahadi.

Omba nakala yako. Mikataba ya kazi za nyumbani ya Saudi Arabia hupitia mfumo wao wa Musaned, kwa hiyo mkataba wako una namba. Piga picha kila ukurasa, tuma kwa mtu mmoja nyumbani ambaye hafuti vitu kwenye simu. Hakikisha jina la mwajiri ni lile lile utakalolikuta kule, na mshahara ni ule ule ulioambiwa kwa mdomo. Nimeona dada aliyeahidiwa 1,200 akafika akakuta 900 imeandikwa, na sahihi ni yake. Gharama ya visa na tiketi ni ya mwajiri. Ajenti anayekukata mshahara wa miezi ya kwanza eti "anarudisha gharama zake" anakula mara mbili.

Halafu jua sheria ya nchi unayokwenda, maana Ghuba si nchi moja. Mtaani husemwa kwamba kafala, ule mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, yaani kafili, imekwisha. Mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi kuhama kazi bila idhini ya kafili, hayakutugusa sisi wa majumbani. Sisi tulikuwa na kanuni zetu za mwaka 2013, na mpya zilizochukua nafasi yake zilianza kutumika 2024. Qatar ni tofauti: mwaka 2020 iliondoa sharti la idhini ya mwajiri, na tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 za Qatar pamoja na chakula na malazi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Haya hayakuja kwa huruma ya ghafla. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikubaliana na Qatar mwaka 2017, likafungua ofisi Doha mwaka uliofuata, dunia nzima ikiangalia kwa sababu ya Kombe la Dunia. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya nchi mbili, usiangalie mshahara tu. Uliza: nikiona mambo yamezidi, naweza kuhama?

Sasa kuhusu pesa, maana ndizo zilizotutoa nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma zaidi ya dola bilioni 4.9. Zaidi ya nusu zilitoka Marekani, lakini Saudi Arabia nayo imo katika orodha ya juu, na huko wengi wetu ni watunza nyumba, madereva na walinzi. Serikali huzitaja fedha hizi kwa fahari, pamoja na chai na utalii. Mimi nina neno hapo. Chai ina bodi, ina utafiti, ina wanunuzi wanaobembelezwa. Anayetuma riyali 700 kati ya 900 anahitaji angalau mwambata wa kazi, yaani afisa wa ubalozi anayeshughulikia wafanyakazi, anayepokea simu. Dammam ni karibu kilomita 400 kutoka Riyadh uliko ubalozi, na mfanyakazi wa ndani hapati ruhusa hata ya kwenda dukani.

Kutuma nako kuna gharama zake. Nchi zote za Umoja wa Mataifa zilikubaliana katika malengo ya maendeleo endelevu kwamba ifikapo 2030 kutuma pesa kusizidi asilimia 3 ya kiasi kinachotumwa. Afrika kusini mwa Sahara bado ndiko ghali kuliko kanda zote, wastani ukiwa karibu asilimia 8 kwa mtu anayetuma dola 200. Hilo la mawaziri litachukua muda, lakini la kwako unaweza kuanza nalo mwezi huu. Usiangalie ada peke yake. Angalia shilingi ngapi zitafika M-Pesa ya mama, kwa sababu wengi hutangaza "bila ada" kisha hukata kwenye bei ya kubadilisha. Linganisha programu mbili za simu siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Na tuma mara moja kwa mwezi badala ya vipande vipande kila anayepiga simu analia.

Kuna kitu ninakisema hata kama kinawaudhi wengine: fedha zetu zinasomesha na kutibu, lakini haziwezi kuwa ndizo mpango wa maendeleo wa nchi. Nililipa karo ya wadogo zangu mpaka wakamaliza. Sikuweza kuleta maji ya mfereji mtaani, wala daktari katika zahanati. Mkataba wa Kimataifa wa Uhamiaji uliokubaliwa Marrakech Desemba 2018 una malengo 23, na nikiyasoma naona yanafuatana vizuri: ajira ya haki, utumaji wa pesa kwa bei nafuu, ujuzi kutambuliwa, hifadhi ya jamii ya mfanyakazi kumfuata anapohama. Haufungi nchi kisheria. Lakini mbunge wako akija kuomba kura una mahali pa kumshikia, kwa sababu Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouunga mkono.

Na ningependa sana tuende mezani pamoja. Uganda, Burundi, Ethiopia na Kenya, kila moja imetia sahihi makubaliano yake na Saudi Arabia peke yake. Mmoja akisema binti yangu hatoki chini ya riyali 1,500, ofisi za Riyadh zinageukia jirani. Ndani ya Afrika Mashariki tuna itifaki ya soko la pamoja tangu 2010, tunajua kuzungumza habari za wafanyakazi kuvuka mipaka. Januari 2020 mawaziri wa nchi 11 za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika walianzisha Nairobi jukwaa la kuzungumzia uhamiaji. Hapo ndipo kima kimoja cha mshahara kinapaswa kutoka. Vyama vya wafanyakazi, makanisa, misikiti, pigieni kelele hilo, maana mabinti wa nchi zote hizi hulala chumba kimoja kule.

Kwa aliye kule tayari, mambo mawili ambayo watu husahau. Kwanza, NSSF. Riyadh hakuna anayekuchangia pensheni ya Kenya, kwa hiyo changia mwenyewe kwa hiari, hata kidogo, kila unapotuma nyumbani. Pili, kanuni za Saudi Arabia zinampa mfanyakazi wa nyumbani aliyemaliza miaka 4 kwa mwajiri mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja, na baada ya miaka 2 likizo ya mwezi mmoja yenye malipo. Waajiri wengi hawasemi, na dada wengi wanarudi bila kujua. Dai kwa maandishi, kwa ujumbe wa simu wenye tarehe, miezi miwili kabla ya mkataba kwisha. Ukinyimwa, peleka malalamiko ukiwa bado uko Saudi Arabia na iqama yako, kibali cha ukaazi, ingali hai, kwa sababu ukishagongewa muhuri wa kutoka uwanja wa ndege, mwajiri hana tena sababu ya kukujibu.