Taa za mtaa: kuruka nguzo au kufifisha zote?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mtaa wetu una taa 40 za LED, wati 60 kila moja, nguzo zimeachana mita 30. Bili inatulemea. Kamati inataka tuzime taa moja na kuacha moja, saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Wakazi wanahofia vibaka.

JIBU: Ndugu katibu, msiruke nguzo. Fifisheni zote.

Taa hizo kwa saa 6 zinakula yuniti 14.4 kila usiku. Mkiruka nguzo mnaokoa 7.2, mkizishusha zote hadi nusu ya nguvu, mnaokoa karibu kiasi hichohicho. Tofauti iko barabarani. Taa zikiachana mita 60, katikati panabaki giza, na jicho linalotoka kwenye mwanga halijalizoea. Bodaboda hamwoni mtembea kwa miguu, naye mtembeaji haitambui sura ya anayemjia. Wakazi wana haki kuhofu.

Fungueni taa moja mwangalie draiva, yaani kifaa cha ndani kinachoilisha LED umeme. Ikiandikwa 0–10V au DALI, inafifishika. Kama sivyo, badilisheni draiva tu, wekeni inayofifishika, ila milliampea zake (kipimo cha mkondo wa umeme) zisizidi zile za awali. Zikizidi, LED zinaungua mapema.

Kisha futeni vumbi kwenye vioo na mpime. Laza kipima-mwanga chini, uso juu, kila baada ya mita 3 kutoka nguzo hadi nguzo: vipimo 11. Simama pembeni, kivuli chako kisikiangukie. Kiwango cha Ulaya EN 13201, daraja P4 (la njia za watembea kwa miguu na barabara za mwendo mdogo), kinataka wastani wa luksi 5 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika chini) na popote pasipungue luksi 1. Pakipungua, pandisheni hadi asilimia 60 au 70. Njia panda, vivuko na vituo vya daladala viacheni na mwanga kamili.

Kuhusu uhalifu: utafiti uliochapishwa 2015, wa halmashauri 62 za Uingereza na Wales, haukuona ushahidi kwamba kuzima au kufifisha kunaongeza uhalifu wala ajali. Lakini msiuchukue mzimamzima. Kule barabara nyingi zina njia za waenda kwa miguu. Kwetu watu na bodaboda hugawana lami ileile. Ndiyo maana nasisitiza kupima.

Pimeni usiku usio na mwezi. Mbalamwezi hutoa karibu robo ya luksi, na kwenye kiwango cha luksi 1 hiyo inatosha kuwadanganya.