Sauti inayochoma masikio: maswali na majibu

Nusu ya barua za mwezi huu zinalia kilio kimoja: sauti ya spika ni kali, inachoma, saa moja tu kichwa kinagonga. Nimechagua sita. Mnaouliza "ninunue waya gani" someni jibu la kwanza mpaka mwisho, maana sitalirudia.

Nimehamia fleti Nyali, sakafu ni vigae na upande mmoja wote ni kioo. Spika ni zile zile zilizokuwa tamu nyumba ya zamani, lakini hapa taarabu haisikiliziki, fidla zinakata kama wembe. Muuzaji anasema ninunue nyaya za fedha.

Umejijibu mwenyewe: spika ni zile zile, kilichobadilika ni nyumba. Simama katikati ya sebule upige kofi moja kavu. Ukisikia "trrr" inayokimbia kutoka ukuta hadi ukuta, huyo ndiye adui. Vigae, kioo na plasta havimezi sauti nyembamba. Vinairudisha, inakufikia mara ya pili na ya tatu ikiwa imechelewa kidogo tu, na sikio linaisoma kama ukali. Tena sikio ni jepesi zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000, pale pale penye fidla na "s" za mwimbaji.

Anza na sakafu. Zulia nene la mita 2 kwa 3 lilale kati ya kochi na spika. Mkeka wa ukindu ni pambo, usiuhesabu. Kisha pazia: kitambaa kizito, upana mara mbili ya dirisha ili kikunjike kinapofungwa. Neti ni ya mbu, si ya sauti.

Halafu kuta za ubavuni. Kaa mahali pako pa kusikilizia, mtu apitishe kioo cha kujitazamia ukutani polepole. Pale utakapoiona twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba) ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda. Hapo tundika fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10, ijaze sufi ya godoro bila kuishindilia, uivike leso (kanga). Kitambaa kipime kwa mdomo: pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Kwa nini sentimita 10? Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34, na ili ulimeze vizuri unahitaji unene wa karibu robo yake. Godoro la sentimita 2 litakula vilele vya juu kabisa na kukuachia ule ukali wa katikati. Sufi hushika moto, kwa hiyo isikae karibu na soketi. Mwisho, lisogeze kochi angalau nusu mita kutoka ukutani.

Nyaya za fedha zitakula fedha yako, basi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 unatosha kwa mita kumi. Hizo pesa zipeleke Biashara Street, Mombasa, ukanunue mapazia.

Je, trei za mayai ukutani? (Likoni)

La. Hazigusi panapochoma, na zinawaka upesi. Mayai kuleni, trei rudisheni dukani.

Nimeshaweka zulia na mapazia kama ulivyosema, nafuu ipo ila twita bado zinazidi. Fundi anataka kuzifungia rezista. Ni salama? (Tudor)

Ni salama, tena ni kazi ya heshima ikifanywa kwa hesabu. Nakupongeza kwa kuanza na chumba. Rezista ni kipande kinachozuia umeme kidogo, na omu ni kipimo cha uzuiaji huo. Twita ya omu 8 ukiifungia rezista moja ya omu 1 kwa mfululizo, inashuka kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1, omu 2.2 inashusha kama 2. Dogo hilo, lakini masikio yatalitambua mara moja.

Ukitaka kushusha desibeli 3, usiongeze tu rezista kubwa. Krosova, yaani saketi ya ndani inayogawa sauti kati ya wufa (spika kubwa ya besi) na twita, imepimwa kuona omu 8, na ukiibadilishia mzigo, mahali pa kugawana panahama. Tumia mbili: omu 2.2 kwa mfululizo kwenye waya chanya baada ya krosova, kisha omu 18 ikiunganishwa sambamba na twita yenyewe, kutoka chanya hadi hasi. Krosova itaendelea kuona karibu omu 8. Ziwe zile nyeupe za saruji za wati 10, si vijiti vya robo wati vinavyotoka kwenye redio mbovu, hivyo vitaungua. Zisigusane na pamba iliyo ndani ya kasha. Spika zote mbili zifanyiwe sawasawa. Kabla ya yote, mwambie fundi aitazame krosova, huenda mtengenezaji ameshaweka rezista na ni kubadilisha thamani tu. Akianza kugusa kapasita "kwa kujaribu", mnyang'anye bisibisi.

Spika zangu nina miaka mingi nazo. Tangu tupake rangi nyumba, zimekuwa kali na besi imekimbia. Ni uzee? (Kibokoni)

Mlipozirudisha, mmoja amegeuza nyaya. Spika moja ikisukuma nyingine ikivuta, besi zinauana, na kinachobaki ni wembamba ambao kila mtu anauita ukali. Nyekundu iende nyekundu pande zote nne, mbili nyuma ya amplifaya na mbili kwenye spika. Ukiwa na shaka, zima, geuza nyaya za spika moja tu, sikiliza wimbo wenye besi nzito. Mpangilio wenye besi nyingi ndio sahihi.

Kama nyaya ziko sawa, toa kitambaa cha mbele uguse ukingo wa foamu unaoshika karatasi ya wufa. Ukimeguka kama biskuti, besi imeondokea hapo. Joto na unyevu wa pwani havina huruma na foamu. Ukingo mpya unauzwa kwa kipenyo, pima kwanza, na gundi ya viraka vya baiskeli isisogee karibu. Na huku kwetu, kwa chumvi ya bahari, kila mwaka kata sentimita 2 za waya ulioota kijani, menya shaba mpya, sokota, kaza.

Ni aina gani ya amplifaya isiyo na ukali? (Bamburi)

Iliyo kwenye chumba chenye zulia.

Sauti ikiwa ndogo ni nzuri, nikipandisha inachoma. Twita zimeungua mara mbili, na amplifaya ni ndogo, haiwezi kuwa imezidisha nguvu. (Majengo)

Ndogo ndiyo inayoua. Ikifika ukomo wake, inakata vichwa vya mawimbi. Mawimbi yaliyokatwa huzaa masauti ya juu ambayo hayamo kwenye wimbo, na yote yanaishia kwenye twita. Ukiongeza desibeli 3 unaomba nguvu maradufu, ukiongeza 10 unaomba mara kumi. Sasa jumlisha na besi uliyoizungusha mpaka mwisho.

Rudisha besi na trebo (sauti nyembamba) katikati, zima kitufe cha "loudness" kinachozipandisha. Kisha geuza spika zitazame mbele moja kwa moja badala ya kukulenga usoni, maana twita nyingi huwa kali zaidi ukizikabili. Hapo panda taratibu. Pale "s" zinapoanza kukwaruza, rudi nyuma kidogo na uweke alama ya kalamu kwenye kitufe. Ukitaka zaidi ya hapo, sogeza kochi karibu na spika. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa mtu mzima, nawe kwa maelezo yako huenda umeshaupita. Twita ya tatu usiinunue kabla alama hiyo haijawekwa.