Mbunge wa kwanza wa Laikipia Kaskazini

Mbunge wa kwanza wa eneo bunge la Laikipia Kaskazini, Kenya, si Sarah Korere kama inavyodaiwa. Wa kwanza ni Mathew Lempurkel wa chama cha ODM, aliyechaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Kabla ya uchaguzi huo eneo bunge hilo halikuwapo, kwani Laikipia ilikuwa na mawili tu, Mashariki na Magharibi, hadi IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ilipochora mipaka mipya mwaka 2012 ili kutimiza Ibara ya 89 ya Katiba, inayotaka maeneo bunge 290 badala ya 210 yaliyokuwapo. Nadhani mkanganyiko unatokana na kwamba Korere naye aliingia Bungeni mwaka huohuo wa 2013, ila kwa kuteuliwa; kiti chenyewe alikipata Agosti 2017 alipombwaga Lempurkel kwa tiketi ya chama cha Jubilee, kisha akakitetea kwa chama hichohicho mwaka 2022, jambo ambalo si dogo kwa mwanamke katika eneo la wafugaji. Angalizo moja: anayetaka kujua wakazi wa Doldol au Sosian, sehemu zilizo Laikipia Kaskazini leo, walivyopiga kura mwaka 2007 ayatafute matokeo chini ya yale maeneo bunge mawili ya zamani.