Ukitaka kusokota koili zako mwenyewe, anza na pamba

Tangu Juni 1, 2025 ni marufuku kuuza vepu za kutupa hapa Uingereza, na washkaji wengi wanaotafuta mbadala huniuliza kuhusu atomaiza yangu ya kujitengenezea, kile kidude cha kugeuza juisi kuwa mvuke ninachokifungua kwa bisibisi kila mara. Kwa nini nijisumbue wakati madukani zipo koili, yaani nyaya za kuchemsha juisi, zilizokwisha kufungwa?

Kabla ya jibu: kama huvuti sigara, usianze kuvepu kwa sababu yangu. Nikotini ina uraibu, hata kifaa kiwe kizuri namna gani. Naongea na yule aliyeacha sigara akahamia huku, na sasa amechoka kununua vichwa vya koili vya kiwandani. Kichwa kikiungua unatupa chuma chote na mipira yake, kumbe kilichoharibika ni kipande cha pamba tu.

Atomaiza ya kujitengenezea inakuachia chuma, inakudai waya na pamba. Ukiifungua unakuta jukwaa dogo lenye nguzo na skrubu, matundu ya hewa na kofia, basi. Kuna ya matone, isiyo na tangi, ambayo unadondoshea juisi moja kwa moja juu ya pamba, na kuna ya tangi. Sheria ya hapa hairuhusu kuuza tangi linalozidi mililita 2, kwa hiyo hata mwenye tangi anajazajaza kutwa. Nyumbani natumia ya matone kwa sababu naweza kubadili ladha bila kumwaga kitu. Kwenye basi ni tangi. Kudondosha juisi huku dereva anakata kona ni vituko.

Wageni wa mchezo huu hukimbilia waya. Wanaona picha za koili zilizosukwa kwa nyaya tatu nne, wanadhani ladha inatoka hapo. Mimi nasema waya wa kawaida wa Kanthal (aloi ya chuma inayostahimili joto), unene wa milimita 0.4, mizunguko sita kwenye kijiti cha milimita 3, unatosha kabisa. Unapata kama omu 0.85, ukifunga koili mbili pamoja, nusu yake. Kabla ya kutia pamba, bonyeza kitufe kwa wati kidogo na uiminye koili kwa kibano cha kauri mpaka iwake sawasawa, ikianzia katikati kwenda pembeni. Ikiwakia upande mmoja, kaza skrubu, kisha pitisha kibano taratibu juu ya mizunguko.

Pamba ndiyo yenye ufundi. Aliyekulia nyumba yenye jiko la mafuta ya taa anajua utambi ukibanwa sana mafuta hayapandi, na ukilegea jiko linasumbua. Humu ni vilevile. Kata kipande, sokota ncha, kivute ndani ya koili. Kipite kwa ubishi kidogo, lakini kisiiburute koili. Kikiteleza tu, ni kidogo: mvuke utakuwa na joto kali na ladha hafifu. Ukilazimika kuvuta kwa nguvu, ni kingi, na utavuta pamba iliyoungua, ladha ambayo koo halisahau upesi.

Halafu kuna mikia, yaani ncha za pamba zinazobaki nje ya koili. Kwenye atomaiza ya tangi, chana mikia kwa ncha ya kibano uipunguze wingi, kisha ikate ifike tu kwenye njia za juisi, isishindiliwe humo. Ikizidi, juisi haipandi. Ikipungua, utakuta mfuko wa suruali umelowa. Angalia pia juisi yenyewe, ambayo huchanganywa kwa gliserini na propilini glaikoli: yenye gliserini nyingi ni nzito na inataka pamba iliyolegea, yenye propilini glaikoli nyingi ni nyepesi na huvuja upesi. Ndiyo maana ushauri wa mtu mwenye juisi tofauti na yako unaweza kukupoteza.

Sasa umeme, na hapa sina utani. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya kwa omu za koili upate ampea. Omu 0.42 ni ampea 10, salama kwa betri nzuri ya saizi ya 18650. Omu 0.15 ni ampea 28, wakati betri maarufu kama Samsung 25R imepimwa ampea 20. Modi, yaani kifaa kinachobeba betri, ikiwa na saketi itasoma omu na kukataa ikiona shoti. Modi ya bomba isiyo na saketi haikatai chochote, na simshauri anayeanza aiguse, hata akipewa bure. Betri iliyochanika ganda usiitumie, na usiiweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu; nunua kikasha cha plastiki.

Kwa kuanzia, tafuta atomaiza ya tangi ya koili moja, yenye jukwaa pana na nguzo ambazo mguu wa waya unaingia bila kuviziwa. Ongeza mkasi mdogo, kibano cha kauri, Kanthal na pamba ya kuvepia. Ladha ikififia usitupe koili. Toa pamba, washa koili ikiwa kavu kwa wati kidogo mpaka masizi yaungue, iache ipoe, suuza kwa maji, ikaushe, weka pamba mpya. Loweka pamba vizuri kabla ya kubonyeza, na juisi ikae mbali na watoto.