Bibi wa mkaza mwanangu aliolewa na askari

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Mwanangu anaishi Stockton, California, na ameoa huko. Mkaza mwanangu kazaliwa Marekani, ila bibi yake mzaa mama alitoka Tacloban, Ufilipino, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliolewa na askari wa jeshi la Marekani, naye Mfilipino, Mwilokano (kabila la kaskazini mwa Ufilipino), aliyekuwa kibarua wa mashamba kabla ya vita. Bibi huyo alilea watoto sita, na sasa ni marehemu. Mwezi ujao binti yake, mkwe mwenzangu, anakuja Lamu. Wifi yangu anapita nyumba za watu akisema mwanamke wa kuchukuliwa na askari anajulikana ni wa aina gani. Nimeingiwa na unyonge. Nifanyeje?
Mama wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Unyonge huo utoe. Wifi yako anamsema maiti asiyeweza kujijibia, na anamsema kwa jambo asilolijua.

Nilifundisha historia miaka mingi, basi niachie nikueleze. Ufilipino ilikuwa koloni la Marekani. Miaka ya 1920 vijana wa kiume wa huko walimiminika California, wakikata asparaga Stockton na kuchuma saladi Salinas. Wanawake wa kwao walikuwa wachache mno, na mwaka 1933 sheria ya California ikawazuia kuoa Wazungu. Mwaka uliofuata ikaja sheria nyingine: Wafilipino wasizidi 50 kwa mwaka kuingia Marekani, nchi nzima. Sasa mtu angeoa nani? Wengi walizeeka kwenye mabweni ya vibarua, bila mke wala mtoto.

Vita ndivyo vilivyolikata fundo hilo. Mwaka 1942 Marekani iliunda vikosi vya askari wa Kifilipino huko California, na wengi wao walipewa uraia wakiwa na magwanda mwilini. Majeshi ya MacArthur, jenerali wa Marekani, yaliteremka Leyte, kisiwa chenye mji wa Tacloban, tarehe 20 Oktoba 1944, na mwaka 1945 askari wale wa Kifilipino wakafika Leyte na kisiwa jirani cha Samar. Msichana wa Tacloban alikuwa ameishi chini ya Wajapani zaidi ya miaka miwili, kwa njaa na hofu. Mbele yake akatokea mwanamume wa nchi yake, mara nyingi amemzidi umri kwa mbali, anayetafuta mke wa kujenga naye nyumba. Watu walioana. Kisha, tarehe 28 Desemba 1945, ikapita sheria ya kuwaruhusu wake na watoto wa askari kuingia bila kuhesabiwa ndani ya wale 50. Sheria ilisema wake. Bibi huyo kama aliingia kwa mlango huo, basi ndoa yake ilitambuliwa na serikali ya nchi mbili.

Uliponiandikia kwamba mume alikuwa Mwilokano, nilisimama hapo. Watu wa Tacloban husema Kiwaray, na Wailokano wana lugha yao nyingine. Kwa hiyo hata chumbani mwake yule binti hakuwa na lugha ya mama yake. Sisi Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti nyumba ubavuni mwa yake, akaziunganisha kwa wikio juu ya kichochoro, mtoto asipate hata kukanyaga njia kwenda kwa mamake. Mimi niliolewa Mombasa tu, na nililia. Yeye alivuka Pasifiki yote. Alimkuta nani wa kumkanda baada ya uzazi, mara sita? Katika miji kama Stockton wazee makapera waliofanya kazi na mume waligeuka wajomba wa watoto hao, wakaja Jumapili na zawadi. Wanawake wenyewe wengi waliingia mashambani na kwenye viwanda vya kupaki matunda, watoto wakikua. Hiyo ndiyo kazi iliyomfikisha mkaza mwanao nyumbani kwako.

Wifi muite kabla wageni hawajafika, ninyi wawili, ndani, si barazani. Mwambie haya niliyokuandikia. Akiendelea, mlete kwangu Mkomani.

Mgeni mpikie wali wa nazi na samaki. Leyte ni kisiwa cha minazi na wavuvi, na huenda mamake alimpikia hivyo. Habari za vita usianze nazo, wala usimuulize walikutana vipi. Muulize mamake aliimba nini akipika, na kama aliwahi kurudi kwao. Muulize pia ndugu waliobaki, kwani sheria ya Marekani ya 1965 iliwapanulia raia njia ya kuwaita kaka na dada zao, na familia nyingi ziliungana tena hivyo. Akileta picha, zitazame moja moja na majina yaandike nyuma, mjukuu wako atayahitaji.