Kabla ya Kupaka Poda ya Faundesheni, Ijue Namba Yako

Kuna picha moja ambayo mpaka leo inaniuma nikiiona. Ni ya sendofu ya mdogo wangu, ukumbini Sinza, mwaka 2016. Nimesimama kulia kwake, gauni la kitenge limenikaa vizuri, nywele zimesukwa zikatulia. Lakini uso wangu ni wa kijivu, kama wa mtu aliyepulizwa unga wa muhogo, na kuanzia chini ya kidevu ninarudi kuwa mimi, maji ya kunde. Asubuhi ile kwenye kioo cha chumbani nilijiona nimependeza. Mpiga picha alipoleta albamu wiki mbili baadaye ndipo nilipoona walichokuwa wanakiona watu wote usiku ule, na hakuna aliyeniambia.

Poda ile niliinunua Kariakoo siku mbili kabla ya sherehe. Ndiyo ilikuwa faundesheni yangu ya kwanza. Muuzaji alinitazama mara moja tu, chini ya taa nyeupe ya duka, akasema, "Dada, wewe siyo mweusi, chukua hii, itakutoa." Nikaamini, nikalipa, nikaondoka. Sikuijaribu popote, hata kwenye mkono.

Nimeanza na hadithi hii kwa sababu wadogo zangu wengi wanaoniuliza kuhusu poda ya faundesheni huuliza kwanza habari ya mkono: nitumie brashi au sponji, nizungushe au nigandamize. Hayo nitayasema. Lakini mkono unajifunza ndani ya wiki moja. Kinachowaharibia wengi ni rangi, na rangi ikikosewa hakuna brashi itakayoiokoa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Poda ya kawaida, ile ambayo mama zetu waliibeba kwenye pochi, kazi yake ni kukausha mafuta na kutuliza mng'ao. Rangi yake ni nyepesi na haifichi kitu. Poda ya faundesheni imejazwa rangi zaidi, inaweza kusawazisha uso peke yake bila kutanguliwa na faundesheni ya maji. Ndani yake kuna madini ya ulanga au maika, kuna oksidi za chuma zinazoleta wekundu, umanjano na weusi, na mara nyingi kuna titani dioksaidi, ambayo ni nyeupe na ndiyo inayosaidia kuficha madoa. Huyo mweupe ndiye wa kuchunga. Kwenye ngozi zetu, poda iliyozidi titani na kupungukiwa wekundu na umanjano ndiyo inayotuacha na rangi ya majivu. Kwa hiyo ukiona umepauka, usidhani umepaka vibaya. Huenda poda yenyewe haikutengenezwa ikikufikiria wewe.

Na kweli kwa miaka mingi hatukufikiriwa. Kule Chicago, wanamitindo weusi waliokuwa wakizunguka na maonyesho ya mavazi ya Ebony Fashion Fair walikuwa wakichanganya faundesheni wenyewe ili wapate rangi ya ngozi zao, kwa sababu madukani haikuwepo. Eunice Johnson aliyekuwa akiyaendesha maonyesho hayo aliliona hilo, na mwaka 1973 yeye na mumewe wakaanzisha vipodozi vya Fashion Fair. Mwanamitindo Iman, mzaliwa wa Mogadishu, alianzisha vyake mwaka 1994. Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka Septemba 2017 na faundesheni ya rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine nyingi zikalazimika kuongeza rangi za weusi kwenye orodha zao. Nawakumbuka sana wale wanamitindo na kuchanganya kwao, maana ndivyo ninavyofanya hata leo. Nina namba mbili za rangi za kampuni moja, moja imenizidi weusi kidogo, nyingine imepungua kidogo. Miezi ya jua kali naegemea ile nyeusi. Mwezi Julai narudi kwenye nyepesi.

Sasa, unaijuaje namba yako? Sote tunajiita maji ya kunde, lakini tusimamishe wanawake kumi wa maji ya kunde dirishani uone. Mmoja ana umanjano, mwingine wekundu kama udongo wa Lushoto, mwingine haegemei popote. Huo ndio undani wa ngozi, na hauna uhusiano na weupe au weusi wako. Tazama shingo na kifua chako mchana, usitazame uso, kwa sababu uso umeungua jua na una makovu. Weka karatasi nyeupe kando ya shingo. Macho yataona yenyewe kama ngozi inaelekea manjano au nyekundu. Ukikutana na herufi kama zile za kampuni ya MAC, yaani NC na NW, fahamu kwamba NC zinawafaa wenye umanjano na NW wenye wekundu, na namba ikipanda ndivyo rangi inavyokolea.

Dukani, omba kujaribu kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Kiganja hakisemi kitu, nyuma ya mkono pia panadanganya. Paka mistari mitatu ya namba tatu zinazokaribiana, kisha toka nje. Ndiyo, toka nje kabisa, simama juani na kioo. Mstari unaopotea ndio wako. Halafu usinunue papo hapo. Nenda kanunue vitu vyako vingine, zunguka nusu saa ndipo urudi kwenye kioo. Poda ikishanyonya mafuta ya ngozi hukolea, na kwa joto la Dar es Salaam hukolea upesi. Niliwahi kununua namba iliyopotea kabisa kwenye taya langu saa nne asubuhi, na kufika saa saba mchana ilikuwa imenifanya kama niliyekaa jikoni kwenye moshi. Wauzaji wengine hawapendi kujaribiwa bidhaa. Kama hataki hata uguse, na huna namna ya kuipeleka juani, bora uende duka lingine.

Nikiwa hapo dukani niseme na hili, maana linanigusa moyoni. Ukiambiwa uchukue poda nyepesi kuliko ngozi yako halafu uongeze krimu ya kung'arisha "ili zilingane", kataa. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na bado zinauzwa kwa kificho. Nimeona ngozi ya mtu ninayempenda ikiharibika, mashavu yamekuwa mekundu na yanawaka akisimama karibu na jiko. Poda inatakiwa ikufuate wewe ulivyo.

Haya, tuje kwenye kupaka.

Uso safi, na uwe na unyevu. Poda haina maji ndani yake, kwa hiyo kila mahali penye ukavu itapashika na kupaonyesha: pembe za pua, katikati ya nyusi, juu ya kidevu. Paka losheni nyepesi, na kama unatoka mchana paka na krimu ya kukinga jua, kisha subiri dakika kumi. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea kwa haraka. Losheni ikiwa bado mbichi, poda hugandamana juu yake na kufanya mabaka ambayo ukiyasugua yanazidi. Mimi hutumia dakika hizo kupiga pasi nguo. Baada ya hapo nachukua tishu moja, naitenganisha iwe nyembamba, naiweka usoni na kuigandamiza kwa viganja. Tishu ikitoka na alama ya mafuta, narudia. Ikitoka kavu, naanza.

Kuna sponji au pafu inayokuja ndani ya kopo. Iweke kando kwanza. Inachota poda nyingi na kuibandika yote mahali pa kwanza inapogusa, na kwa mtu anayeanza mahali hapo huwa ni shavu. Tafuta brashi nene, laini, yenye nywele zilizoshikana, mduara wake ukaribie mdomo wa kikombe cha kahawa. Gusa poda kwa ncha za nywele, usizungushe kama unayesonga ugali. Kung'uta mpini wa brashi kwenye ukingo wa kopo mara mbili. Utaona vumbi linaanguka. Hilo vumbi ndilo lililokuwa likuharibie.

Anza katikati ya uso, pembeni ya pua, kwa sababu huko ndiko kwenye wekundu, vinyweleo vilivyo wazi na mafuta. Gandamiza, inua, gandamiza, inua, ukielekea nje kwenye masikio. Brashi itafika pembeni ikiwa karibu tupu, na ndivyo inavyotakiwa, ili pasiwe na mpaka. Kisha paji la uso, kutoka katikati kwenda kwenye nywele. Kisha kidevu. Mwisho pitisha brashi kwa kushuka chini, taratibu, kufuata laika za usoni, maana ukipaka kwa kupanda laika husimama na kushika poda, na mtu aliyekaa pembeni yako kwenye daladala ataziona zote. Chini ya macho usirudi kwenye kopo. Tumia kilichobaki kwenye brashi.

Sasa simama. Sogea hatua moja kutoka kwenye kioo, ujitazame. Wengi wetu mzunguko wa kwanza unatosha. Kama kuna kovu la chunusi au weusi kuzunguka mdomo, chukua ile sponji uliyoiweka kando, ichovye kidogo kwenye poda na ugonge hapo tu. Weusi wa kuzunguka mdomo unatusumbua wengi, na kosa ni kuupiga poda nyepesi ili "uupandishe". Hugeuka kijivu palepale. Namba yako ileile, tabaka jembamba, inatosha. Kuna poda ambazo zinaweza kutumika na sponji yenye unyevu na zikaficha zaidi, lakini kopo lenyewe litakuambia kama inaruhusiwa. Ukiilowesha isiyoruhusiwa, itaganda juu na brashi haitachota tena.

Kabla hujatoka, shuka na brashi hadi chini ya taya na pembeni ya masikio. Wanaovaa hijabu au kilemba, paka hadi mahali kitambaa kinapoanzia, usipitilize, vinginevyo utaikuta poda yote kwenye ukingo wa kitambaa.

Mchana utatokwa jasho. Usifute, na usiongeze poda juu ya jasho, hapo ndipo uso unapokuwa na michirizi. Gandamiza tishu, nyanyua, hamisha, mpaka ikauke, ndipo uguse poda kidogo puani na kwenye paji. Mimi sibebi kopo lote kazini, nabeba tishu tu, na siku nyingi tishu inatosha.

Usafi nitaupitia kwa haraka. Brashi ioshe kila wiki kwa shampuu, uilaze ikauke, usiisimamishe kichwa juu maana maji yatashuka kwenye gundi na nywele zitaanza kung'oka. Usimwazime mtu sponji. Nyuma ya kopo tafuta alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye namba kama 12M au 24M, ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Na ikitokea juu ya poda pamekuwa pagumu, panang'aa, brashi haichoti, usiitupe. Ni mafuta ya uso yaliyohamia pale kupitia sponji. Bandika selotepu juu yake kwa wepesi, ivute, na utando ule utatoka nayo.

Wiki hii nimekaa na binti wa mdogo wangu wa kambo wa Tanga, ambaye Jumamosi anasindikiza bibi harusi. Tulifanya jaribio siku tatu kabla. Tulimpaka dirishani saa kumi jioni, akaonekana vizuri. Kisha tukafunga mapazia, tukazima taa, nikampiga picha kwa simu na flashi. Hilo ndilo jaribio ambalo sikulifanya mwaka 2016. Baadhi ya poda, hasa zenye madini mengi ya silika au zenye kinga ya jua ndani yake, hurudisha mwanga wa flashi na uso kuwa mweupe, hata kama mchana zinalingana na ngozi. Yake haikurudisha. Tuliona tu mstari mdogo chini ya sikio la kushoto, ambapo brashi haikufika. Akaushusha mwenyewe, mara mbili, nikapiga tena, haukuwepo.

Aliniomba abaki na vyote viwili, brashi na poda. Brashi nimempa, nimeshaiosha. Poda atakwenda kununua yake kesho mchana, na nimemwambia aibebe hadi nje juani, kwa sababu mimi nina umanjano na yeye amechukua wekundu wa mama yake.